Matofali Mabichi na Zaburi ya Mvua

Foleni ya bombani ilikuwa na kelele zake za kila siku mpaka Redio alipokunja kona na ndoo zake mbili. Hapo kelele zikakatika. Naye ni mtu wa maneno, maneno ndiyo yaliyompa hilo jina, kwa hiyo kimya cha watu waliokuwa wakikusema anakijua vizuri. Kina joto lake. Akatua ndoo mwisho wa mstari, akasalimia kwa sauti yake ile inayosikika mpaka barabara ya pili.

"Hamjambo jamani."

"Hatujambo," wakajibu wawili kati ya watu kumi na wanane.

Mwenye ufunguo wa koki, mwanamke mpana ambaye mtaa mzima unamwita Mama Bomba, alikuwa amekalia kreti ya soda akiangalia maji yanavyochuruzika. Yalikuwa yanatoka kama udenda wa mtoto anayeota meno. Ndoo moja ilichukua muda wa kutosha kumsema mtu mmoja, ukoo wake na mashemeji zake.

"Shoga, mumeo hajambo?"

"Hajambo. Yuko kazini."

"Tunajua yuko kazini. Alfajiri tumemwona huko kazini." Mahali fulani kwenye mstari kikasikika kicheko kilichobanwa puani. "Wapita njia wamemwona anachomoa chuma kwenye tanuru, anakilaza shavuni, anaangalia juu. Kisha anakirudisha. Jana hivyo hivyo. Juzi hivyo hivyo."

"Ni nondo," Redio akasema. "Anapima unyevu. Matofali ya katikati yakiwa bado yana maji, chuma kinatoka cha baridi."

"Anapima kwa shavu."

"Kiganja chake kimekufa ganzi kwa udongo, atapima na nini?"

"Haya. Sisi wengine tunapima mbinguni kwa macho, na tunaona hakuna kitu."

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akadakia bila kugeuka, "Basi umwambie apunguze kupima. Wiki ya sita hii bila mvua. Mboga zangu zimekuwa ugoro, nabakiza kuzinusa tu."

Wakacheka wote sasa, na Redio akacheka nao, maana asiyecheka ndiye anayechekwa zaidi.  Maneno aliyokuwa akiyasikia pembeni kwa siku tatu yalikuwa yamefika mbele yake na kukaa: kwamba mvua haijakawia, imezuiwa. Na mwenye sababu ya kuizuia mtaani ni mmoja tu, yule mwenye matofali elfu nane mabichi.

Zamu yake ilipofika, Mama Bomba akafunga koki ndoo ya kwanza ilipojaa.

"Leo moja moja, shoga."

Aliyemtangulia alikuwa ameondoka na mbili. Wote waliona. Redio akajitwisha ile iliyojaa, akashika tupu mkononi, na njia nzima ndoo tupu ikawa inamgonga goti.

*

Tanuru lilisimama nyuma ya nyumba, refu kuliko mlango, limepangwa tofali juu ya tofali na kukandikwa udongo kwa nje, na chini yake midomo mitatu ya kuingizia kuni. Kazi ya miezi mitatu, ya mume na mke. Mume, ambaye watu wote humwita Fundi, alichimba na kufyatua. Mkewe aliteka maji na kugeuza matofali juani, moja moja, kama mtu anayegeuza watoto usingizini. Nusu ilikuwa ya mteja anayejenga zahanati. Nusu ilikuwa yao wenyewe, ya chumba cha tatu, ili binti zao wawili waache kulala na bibi yao ambaye anakoroma na hataki kuambiwa kwamba anakoroma.

Jumamosi mchana Mchungaji alikuja. Alikataa kiti, jambo lililomtia Redio wasiwasi, kwa sababu Mchungaji si mtu wa kukataa kiti.

"Dada, kesho ni ibada ya kuomba mvua. Nataka wewe ndiye utusomee."

"Mimi?"

"Umeme ukikatika ni sauti yako tu inayofika nyuma. Utasoma ile zaburi ya radi, kisha ile ya Mungu anayeitembelea nchi na kuinywesha. Mstari wa kuomba nimeupigia penseli." Akashusha sauti, ingawa uani hapakuwa na mtu ila Fundi aliyekuwa akipasua magogo. "Kuna maneno yanazunguka. Umeyasikia. Mke wa Fundi akisimama mbele ya watu akaomba mvua kwa kinywa chake, maneno yatakwisha."

"Na asiposimama?"

Mchungaji akaangalia tanuru. "Kuna vijana wanasema watakuja kulibomoa wenyewe wakiangalie hicho chuma. Nimewaambia wangoje Jumapili."

Alipoondoka, Fundi akaliacha shoka kwenye gogo. Alikuwa amesikia kila neno. Si mtu wa kanisa sana. Huenda Krismasi na siku ya mazishi, na siku zote mbili hukaa karibu na mlango.

"Hiyo zaburi ya radi inasemaje?"

Redio akamweleza. Kwamba sauti ya Mungu iko juu ya maji mengi, inapasua miti mikubwa, inatetemesha jangwa, milima inaruka kama ndama.

"Na mvua inakuja?"

"Hiyo ya pili ndiyo yenye mvua. Inalowesha matuta yote, inalainisha udongo."

"Inalainisha udongo," Fundi akarudia taratibu, kama mtu anayesomewa hukumu. Akakaa juu ya gogo. "Hakuna nyingine? Hakuna ya jua?"

"Ipo. Jua linatoka kama bwana harusi chumbani mwake, linakimbia toka mwisho mmoja wa mbingu mpaka wa pili."

"Hiyo ni nzuri. Soma hiyo."

"Watu wamekuja kulilia mvua, niwasomee jua? Watanitoa kwa viti."

"Basi ile ya kuzuia maji. Ulinisomea siku moja. Bahari inaambiwa mwisho wako hapa, usivuke."

"Baba Watoto, wanasema unazuia mvua. Nisimame niwasomee habari za kuzuia maji?"

Mama mkwe, ambaye alikuwa ameegemea ukuta akichambua maharage na kujifanya hasikii, akatikisa ungo. "Hilo ni neno la Mungu, si kipindi cha salamu. Hamwezi kupiga simu mkachagua wimbo."

"Mama, mimi nataka siku nne tu," Fundi akasema. "Jumatano nondo itakuwa kavu, nawasha. Alhamisi anyeshe mpaka aridhike, hata miezi miwili sitamwuliza."

"Mwambie yeye. Mbona unatuambia sisi?"

Fundi akainua macho juu. Redio aliona jinsi alivyolitazama anga, kwa jicho la mtu mwenye deni anayesikia hatua mlangoni, akaelewa kwa nini watu waliompita alfajiri wameogopa. Hata yeye kidogo angeogopa.

Usiku ule usingizi haukumjia. Alisoma mistari kichwani, kwa sababu anaijua kwa moyo, na kila alipofika kwenye penseli ya Mchungaji alikwama. Akiomba na mvua ikaja, amebomoa tanuru kwa ulimi wake. Akiomba na isipokuja, watasema aliomba mdomoni huku moyoni anakataa. Na kweli moyoni alikuwa anakataa. Hilo ndilo lililomwogopesha: kwamba wamemsingizia mume, lakini wakimpasua yeye mke watakuta ni kweli.

*

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Wapo waliokuja ambao Redio hakujua kama wana dini. Mama Bomba alikuwa safu ya mbele, na kando yake mzee wa kanisa aliyestaafu ukarani, ambaye bado anaitwa Karani na bado anahesabu makosa ya watu kwa kalamu.

Redio akasimama. Hakufungua kitabu. Akaanza na radi, na kwa mistari michache ya kwanza akasahau kuogopa, kwa maana mashairi yale yana nguvu ya kumbeba msomaji. Unadhani unayasoma, kumbe yamekushika kiunoni. Sauti ikapita juu ya maji. Ikavunja miti. Watu nyuma wakaanza kuitika kwa koo. Ikalitikisa jangwa.

Kwenye jangwa akasimama. Mahali pengine palimjia kichwani, pale ambapo Mungu anamjibu yule mgonjwa wa Biblia, aliyepoteza watoto na mali akanung'unika, kutoka katikati ya dhoruba, naye hampi jibu hata moja, anamwuliza maswali tu. Alikuwa amepasoma mara nyingi bila kupasikia. Sasa akapasikia, na mdomo ukapafuata kabla hajauruhusu. Akasoma ya umeme ambao hakuna wa kuuita ukaitika naam. Akasoma ya umande usio na baba, na mawingu ambayo hakuna binadamu anayejua hesabu yake. Akasoma ya mvua inayoshuka kwenye nchi isiyo na watu, nyikani, mahali ambapo hakuna hata mmoja.

 Akausoma tena ule wa nyika, polepole, kama anayejisomea. Kisha akakaa.

Mchungaji akangoja. Kanisa likangoja. Karani akainuka.

"Mchungaji, samahani. Dada hajamaliza. Mstari wa kuomba haukusomwa, na mimi nafuatilia hapa."

Mnong'ono ukapita safu kwa safu kama moto kwenye nyasi. Redio akainuka tena, ulimi ukiwa tayari kama kawaida.

"Mzee wangu, nimesoma kwamba yuko anayenyeshea mahali pasipo na mtu. Huko nani anamwomba?"

Karani akaangalia kalamu yake.

"Na kama hangoji wa kumwomba, atamngoja wa kumruhusu? Mume wangu mnamjua. Akiwasha kuni mbichi anazibembeleza saa nzima, mpaka mama yake anamhurumia. Huyo ndiye amshike mkono mwenye radi? Kwa nondo?"

Mtu alicheka, kisha mwingine, na kicheko kikaenda mpaka dirishani. Hakikuwa cha kumcheka yeye. Lakini Mchungaji hakucheka. Alikuwa ameona, mapema kuliko waumini wake, kwamba kwa hesabu ile hata ibada ya leo ilikuwa imepwaya kidogo.

"Kuomba tumeamriwa," akasema.

"Ombeni, baba. Sikatai. Mimi ndiye sikuweza kuomba." Sauti yake ikashuka, na kwa mara ya kwanza walio nyuma ikabidi wainamie mbele. "Nina matofali elfu nane nje. Nilipofika kwenye penseli yako nikaona nitamdanganya Mungu mbele yenu wote. Nikaogopa."

 Mama Bomba alikuwa amegeuka kumtazama, na uso wake haukusomeka.

"Basi hicho chuma tukakione," Karani akasema. "Tumalize."

*

Wakaenda watu kama thelathini, wengine kwa shari, wengine kwa kutotaka kupitwa tu. Fundi alikuwa uani kifua wazi. Mama yake alikuwa amebeba kigoda chake akakiweka mbele ya tanuru na kukikalia, mkono kiunoni.

"Mmekuja kusali au kubomoa?" akauliza. "Niseme mapema, mgongo wangu hauinuki haraka."

Redio akampita mumewe, akamnong'oneza, "Waonyeshe tu." Fundi akaishika nondo kwa mikono miwili, akaichomoa kutoka kwenye kitundu chake. Ikatoka ndefu kuliko walivyotegemea. Akaipangusa, akamnyooshea Karani.

"Weka shavu, mzee."

Karani akarudisha mikono nyuma. "Sina haja."

"Hata kucha hutaki kugusa?"

"Nimesema sina haja."

"Lete," Mama Bomba akasema. Akaichukua kama anavyochukua ndoo ya mtu, akailaza shavuni, akafumba macho. Watu wakamtazama kana kwamba ataanguka. "Baridi."

"Hayo ni maji yaliyobaki tumboni," Fundi akasema. "Siku itakayotoka kavu, nawasha moto. Nikiwasha leo yatapasuka kama bisi."

"Kwa hiyo kila asubuhi unaangalia juu..."

"Naangalia kama nitaifikia hiyo siku. Nani asiyeangalia juu mwezi huu? Wewe huangalii?"

Mama Bomba akamrudishia chuma chake. Alikuwa amefungua mdomo kusema neno, la msamaha au la kejeli, hakuna atakayejua, kwa sababu macho yake yalipita juu ya bega la Fundi yakakwama hapo. Wote wakageuka.

Upande wa mashariki anga lilikuwa jeusi kama tako la sufuria. Halikuwa hivyo walipotoka kanisani. Upepo mdogo ukaja, wa baridi, ukapindua majani ya mti wa jirani yakaonyesha tumbo jeupe. Mtu akasema "Asante" kwa pumzi, na mwingine akalia hapo hapo, mtu mzima. Na katikati ya nyuso za watu thelathini zilizokuwa zinafunguka, Redio aliona wa mume wake unavyojifunga.

"Umesema kavu lini?" akamwuliza, kana kwamba hajui.

"Jumatano."

"Washa."

"Mke wangu, yatapasuka."

"Yapasuke. Lenye ufa litauzwa kama nusu tofali. Uji wa udongo utamwuzia nani?"

Fundi akasimama kidogo akilitazama tanuru lake, kisha akatupa nondo chini na kukimbilia kuni. Watu walikuwa wameshaanza kuondoka, haraka, kila mtu akikumbuka mabeseni yake na mapipa yake. Hakuna aliyebomoa kitu. Hakuna aliyesaidia pia.

*

Matone ya kwanza yalikuwa makubwa, yanachimba vumbi. Barabarani watu walitoka na masufuria, na watoto wakavua mashati. Karani alikuwa katikati yao kichwa wazi, uso juu, maji yakimtiririka kwenye miwani; na alipomwona Redio anapita mbio na mzigo wa kuni, akamwita kwa furaha ya kweli, bila ubaya wowote.

"Redio! Njoo utusomee sasa! Ile ya radi! Utushukurie!"

Wengine wakaitikia. Wakamwita kwa jina lake la utani, wakimpigia makofi, watu wale wale wa bombani. Alisimama na kuni zake kifuani, na juu ya mabati ngurumo ikapasuka kwa kishindo kilichomfanya kila mtu ainame kidogo.

"Leo anasema mwenyewe," akawajibu. "Msikilizeni." Akaingia uani.

Moto ulikuwa umeshika kwenye midomo yote mitatu. Turubai lao moja lilifunika theluthi ya juu. Kwingine ule udongo wa kukandikia ulikuwa unaanza kuteremka kwa michirizi. Lakini hatari haikutoka juu. Ilitoka ardhini. Maji ya kilima kizima yalishuka mpaka uani, mekundu, yakazunguka tanuru na kutafuta matundu. Mdomo wa kwanza ulipiga mluzi, ukatoa mvuke, ukafa. Fundi alikuwa akichimba kwa koleo huku, maji yanapita kule. Redio alikuwa anayachota kwa ndoo na kuyamwaga nyuma yake, nayo yanarudi. Mama mkwe, ambaye mgongo wake hauinuki haraka, alikuwa amepiga magoti tope mpaka mapajani, anajenga tuta kwa mikono. Mdomo wa pili ukafa.

"Mnayamwaga wapi hayo?"

Alikuwa Mama Bomba, jembe begani, nguo imemganda mwilini.

"Popote," Redio akasema bila kuinuka.

"Popote ndiyo wapi? Bustani yangu iko chini hapo, imekaa wiki sita inayasubiri, ninyi mnamwaga maji popote. Sogea."

Akapiga jembe kwenye kona ya tanuru, akaanza kukata mfereji kushuka chini kwake. Alichimba kama mtu aliyekasirika. Maji yakasita, yakanusa ile njia mpya, yakaingia. Redio akataka kusema neno.

"Usinishukuru," Mama Bomba akasema. "Nachukua maji yangu."

Yule mwanamke wa bombani aliyekuwa na mtoto mgongoni alikuja pia, mtoto amemwacha nyumbani na jembe amelileta, akaangalia ule mkondo unavyokwenda wote upande mmoja. "Yote kwako tu? Na mimi si niko chini huko huko?" Akafungua tawi la pili, juu zaidi, ambalo lilipita karibu kabisa na mdomo wa mwisho na kuuondolea maji. Wakatokea wengine wawili. Wakagombana waziwazi kuhusu mfereji uinamie wapi, wakisukumana kwa viwiko, na kadiri walivyogombana ndivyo maji yalivyozidi kupungua miguuni mwa Fundi, mpaka akaacha koleo akalala kifudifudi mbele ya mdomo wa tatu na kuanza kupuliza.

Upande wa nyuma wa tanuru uliporomoka bila kishindo, kama mtu aliyechoka anavyokaa. Redio aliona. Fundi alisikia lakini hakugeuka.

"Kiasi gani?" akauliza katikati ya pumzi.

"Robo. Robo na kitu."

"Na ndani?"

Akaweka kiganja ukutani. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye nyufa, na nyuma ya mvuke kulikuwa na joto, la mbali. "Linashika," akasema. Hakuwa na hakika. Akakiweka tena. "Linashika."

"Lete kuni."

Mvua ikaongezeka. Anga likanguruma mara mbili mfululizo, na Redio, maji yakiwa kifundoni na gogo mikononi, akajikuta amefungua kinywa ili amwombe Mungu apunguze, kidogo tu, robo saa tu, tanuru lipate nafasi. Chini kule, ng'ambo ya ukuta, wanawake walikuwa wameyaona maji yanaingia kwenye matuta yao, na walikuwa wanayapigia kelele yazidi, yazidi. Akasimama hivyo, mdomo wazi, mvua ikimwingia. Kisha akaufunga, akapiga magoti kando ya mumewe, akasukuma gogo ndani.